Saizi ya waya wa betri ya gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu nyaya nene zinazotoka kwenye betri: wa chanya unaokwenda kwenye stata (selfu, yaani mota inayozungusha injini ili iwake), wa hasi unaokwenda kwenye injini na bodi, na zile za ziada ambazo watu hufunga kwa ajili ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani) au muziki. Hesabu ni za gari la volti 12, isipokuwa pale tulipotaja vingine.

Gari linapiga selfu kivivu. Nitajuaje kama ubovu uko kwenye waya na si kwenye betri?

Pima kabla ya kununua chochote. Betri nyingi nzima hutupwa kwa sababu ya waya uliooza ndani ya ganda au temino (kibano kinachoshika nguzo ya betri) chafu, na mwenye gari hugundua hilo akiwa ameshalipia betri mpya.

Unahitaji multimita (kipimo cha umeme) na mtu wa kukusaidia. Kwanza zuia injini isiwake. Kwa petroli, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Kwa dizeli ya zamani, chomoa waya wa solenoidi (vali ya umeme) inayokata mafuta. Hakikisha gia iko huru na breki ya mkono imevutwa. Weka multimita kwenye volti 20 za DC, kisha msaidizi apige stata kwa sekunde tano tu. Ipumzishe kama dakika moja kati ya kipimo na kipimo.

1. Gusa nguzo mbili za betri. Volti zisishuke chini ya 9.6 stata ikizunguka. Zikishuka, chaji betri kwanza, kisha rudia; betri iliyolala inaharibu maana ya vipimo vinavyofuata.
2. Gusa nguzo ya chanya na bolti nene ya stata inayopokea waya wa betri. Hapa unapima kinachopotea njiani. Hadi volti 0.3 ni sawa. Ikipita 0.5, njia ina kasoro.
3. Gusa nguzo ya hasi na chuma kisafi cha injini. Volti 0.2 au chini ya hapo ni nzuri, 0.3 na kuendelea, ethi ya injini (waya wa hasi unaokwenda kwenye injini) ni mbovu.
4. Gusa nguzo ya hasi na chuma cha bodi. Isome karibu na sifuri.

Shika nguzo yenyewe ya risasi, si temino iliyofungwa juu yake, kwa sababu uchafu hujificha katikati ya hivyo viwili. Ukipata kipimo kibaya, kigawe: nguzo hadi temino, temino hadi waya, mwanzo wa waya hadi lagi (kichwa cha chuma kinachobanwa mwishoni mwa waya) ya upande wa pili. Kipande chenye volti nyingi ndicho kibovu. Mara nyingi utakuta ni kiungo, na waya wenyewe hauna neno. Safisha, kaza, pima tena.

Kwa nini nisipime waya kwa kipimo cha omu?

Kwa sababu hakitakuonyesha kitu. Mita moja ya waya wa shaba wa mm 25 ina ukinzani wa takriban omu 0.0007, na multimita ya kawaida haiwezi kusoma kiasi kidogo namna hiyo. Waya uliobakiwa na nyuzi tano tu utasoma karibu sawa na ulio mzima. Ubovu hujitokeza umeme mwingi unapopita, ndiyo maana tunapima stata ikiwa inazunguka.

Basi ninunue wa milimita ngapi?

Kwa waya wa shaba halisi, betri ikiwa chini ya boneti, kwa milimita za mraba:

- Petroli hadi cc 1500 (Vitz, Passo, IST, Probox): 25. Waya wa 16 utawasha ukiwa mfupi na betri ikiwa na nguvu, lakini haukuachii akiba yoyote.
- Petroli cc 1800 hadi 2500 (Premio, Noah, RAV4, X-Trail): 25, au 35 ikiwa njia ya kwenda kwenye stata inapita mita 1.5.
- Petroli ya V6, na dizeli ndogo zisizofika cc 2500: 35.
- Dizeli cc 2500 hadi 3000 (Hilux, Hiace, Prado): 50.
- Dizeli kubwa kama 1HZ ya cc 4200 kwenye Land Cruiser: 50 ikiwa njia ni fupi, 70 ikiwa ndefu.

Waya wa hasi unaokwenda kwenye injini uwe na unene uleule wa chanya. Umeme wote uliokwenda kwenye stata lazima urudi, na hurudi kwa njia hiyo. Kufunga chanya ya 50 na kuacha hasi ya zamani ya 16 ni kutupa pesa. Ethi ndogo kutoka betri hadi bodi inatosha kwa 10 au 16, kwa kuwa haibebi mzigo wa stata.

Hesabu yake inafanywaje?

Mambo matatu ndiyo yanayoamua: ampea ngapi zinapita, njia ina urefu gani kwenda na kurudi, na uko tayari kupoteza volti ngapi. Kanuni ni hii:

milimita za mraba = 0.0175 × urefu wote kwa mita × ampea ÷ volti unazokubali zipotee

Hiyo 0.0175 ni ukinzani wa shaba. Chukua gari dogo la petroli ambalo stata yake huvuta ampea 150 ikizunguka. Waya wa chanya ni mita 1.2, wa hasi mita 0.6, jumla 1.8. Tukikubali kupoteza volti 0.25: 0.0175 × 1.8 × 150 ÷ 0.25 = 18.9. Saizi inayofuata dukani ni 25.

Sasa dizeli ya lita 3 inayovuta ampea 350, njia nzima ikiwa mita 2.1, na tunakubali volti 0.3. Jibu ni 42.9, kwa hiyo 50. Ukiweka 25 kwenye gari hilohilo utapoteza zaidi ya nusu volti kwenye waya peke yake, kabla ya kuhesabu temino na lagi. Asubuhi ya baridi Njombe au Limuru, mafuta ya injini yakiwa mazito na betri ikiwa na umri, nusu volti hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kuwaka na kusukumwa.

Zungusha jibu kwenda juu daima, usishuke. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda: kwa nyuzijoto 80, ambazo waya ulio jirani na injini hufikia, umepanda karibu robo ukilinganisha na nyuzijoto 20. Kumbuka pia kwamba kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla stata haijaanza kuzunguka, huvuta ampea nyingi zaidi ya hizo tulizotumia.

Hiyo "mm 25" ni kipenyo?

Hapana. Ni milimita za mraba, yaani eneo la shaba ukiukata waya na kuutazama kwa mbele. Waya laini wa mm 25 una shaba yenye kipenyo cha takriban milimita 6.5 hadi 7, na ukijumlisha ganda unafika kama milimita 10 au 11. Anayepima ganda kwa rula na kuagiza kwa kipenyo hicho ataletewa kitu kingine kabisa.

Nyaya zinazotoka Marekani huandikwa kwa geji, na namba ndogo ndiyo waya mnene. Geji 6 ni mm² 13.3, geji 4 ni 21.2, geji 2 ni 33.6, geji 1/0 ni 53.5 na geji 2/0 ni 67.4. Angalia hapo: geji 4 haifiki 25.

Dukani kuna waya mnene, laini, kwa nusu ya bei. Kuna ubaya gani?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kuna hila mbili za kawaida. Ya kwanza ni ganda nene lililofunika shaba kidogo. Ya pili ni alumini iliyopakwa shaba kwa nje. Waya wa namna hiyo hupitisha umeme takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo 25 yake inafanya kazi ya 16. Zaidi ya hapo, alumini hulegea ndani ya lagi kadiri inavyopata moto na kupoa, kiungo huchemka, na ikikutana na unyevu huoza na kuwa unga mweupe.

Jinsi ya kuutambua:

Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, ni alumini. Uking'aa kama fedha kwa nje tu na ndani ni nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri sana.

Shika uzi mmoja mwembamba kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Wa alumini hulegea na kukatika haraka. Wa shaba huwa mwekundu na kubaki.

Pima uzito. Shaba tupu ya mm² 25 ina karibu gramu 224 kwa kila mita; ya 50 ina karibu gramu 448. Mita ya waya ikiwa na ganda lake lazima izidi hapo. Muuzaji anayekupa "25" yenye gramu 150 pamoja na plastiki amekuuzia hewa.

Hesabu nyuzi. Pima kipenyo cha uzi mmoja kwa kalipa, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.785, kisha kwa idadi ya nyuzi. Nyuzi 196 za milimita 0.4 zinakupa 24.6, yaani 25 ya kweli.

Naweza kutumia waya wa nyumba? Na wa mashine ya kuchomelea?

Wa nyumba usiutumie. Wa mm 25 mara nyingi huwa na nyuzi saba nene tu, zenye milimita zaidi ya 2 kila moja. Umeme utapita vizuri siku ya kwanza, lakini injini hutikisika saa zote na nyuzi hizo ngumu hukatika moja moja pale lagi inapoanzia. Ugumu wake pia huivuta nguzo ya betri hadi ipasuke kwenye mzizi na kuanza kuvujisha asidi.

Wa kuchomelea ni chaguo zuri: shaba ya nyuzi nyembamba nyingi, unapinda kirahisi, ganda la mpira linastahimili joto. Udhaifu wake uko kwenye mafuta. Mpira wa aina nyingine hulainika ukilowana dizeli au oili, kwa hiyo uvishe bomba la plastiki lenye mikunjo pale unapopita jirani na injini. Hakikisha tu ni shaba, kwa kuwa alumini imeingia huko pia.

Lagi nizifunge vipi?

Lagi ina namba mbili. "25-8" maana yake ni ya waya wa mm² 25 na tundu la bolti ya milimita 8. Stata nyingi za magari madogo zina bolti ya 8. Za dizeli huwa na 8 au 10. Pima kabla ya kwenda dukani. Lagi kubwa kuliko waya haibani hata ukiigonga siku nzima, na kupunguza nyuzi za waya ili uingie kwenye lagi ndogo ni kununua waya mnene na kuugeuza mwembamba.

Menya ganda kwa urefu wa shingo ya lagi pamoja na milimita 1 au 2. Usikate nyuzi. Ingiza hadi mwisho, kisha bana kwa mashine ya haidroli yenye meno ya pembe sita ya saizi hiyohiyo. Baada ya kubana, vuta kwa nguvu zako zote. Kisiteleze hata kidogo. Malizia kwa neli inayosinyaa kwa joto yenye gundi ndani, ifunike shingo ya lagi na sentimita 2 za ganda.

Nyundo na patasi hubonyeza upande mmoja na kuacha hewa ndani. Hewa huleta unyevu, unyevu huleta kutu ya kijani. Kulehemu peke yake pia hatukushauri: risasi ya kulehemea hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya fimbo, nazo hukatika pale ulaini unapoanzia. Isitoshe, risasi hiyo ya kulehemea huyeyuka kwa takriban nyuzijoto 190, na kiungo kibovu kinaweza kufika huko. Kama huna mashine, mafundi wengi wa umeme wa majengo wanayo, na kubaniwa lagi nne ni kazi ya dakika chache.

Temino mpya haikazi kwenye nguzo, au inapwaya. Kwa nini?

Nguzo ziko za unene wa aina mbili. Betri ndogo za magari ya Japani, kama NS40 na nyingi za NS60, zina nguzo nyembamba. N50, N70 na za DIN (vipimo vya Ulaya) zina nguzo nene. Tena katika kila betri nguzo ya chanya ni nene kidogo kuliko ya hasi, kwa hiyo temino hazibadilishani nafasi. Usijazie bati la kopo wala msumari. Nunua temino inayolingana, au kikombe cha risasi kilichotengenezwa kwa kuongeza unene wa nguzo.

Ukibadilisha aina ya betri, angalia pia chanya iko upande gani. Betri ya upande usio wake hulazimisha waya uvutwe hadi ukae juu ya chuma chenye ncha.

Ethi ya injini ina umuhimu gani hasa?

Injini imekaa juu ya mpira, kwa hiyo haigusani na bodi kwa chuma. Waya wake wa ethi ukikatika au ukiachwa baada ya gia boksi kushushwa, umeme wa stata hutafuta njia nyingine: kebo ya mafuta, kebo ya klachi au ya gia. Kebo hizo huchemka, ganda lake huyeyuka, na siku moja pedali ya mafuta inakwama. Ukiona kebo ya mafuta inafuka moshi unapopiga stata, usitafute kwingine.

Pale ethi inapofungwa, kwangua rangi kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi juu. Rangi chini ya lagi ni kizuizi, hata bolti ikikazwa namna gani.

Waya mnene kupita kiasi unaweza kuunguza stata?

Hapana. Stata huvuta inachohitaji. Tatizo la waya wa 95 kwenye Vitz ni uzito, mkunjo usiopindika na bolti ya shaba ya stata inayokatika kwa kubeba mzigo. Bolti hiyo ya milimita 8 inahitaji kukazwa kwa nguvu ya kama Nm 10 tu. Spana ndefu na mkono mzito huivunja.

Waya wa betri unahitaji fyuzi?

Wa stata kwa kawaida hauna, kwa sababu ampea zake ni nyingi mno. Ndiyo maana lazima ufungwe mbali na ncha za chuma na bomba la moshi, na ubanwe kila sentimita 30 hivi. Nyaya nyingine zote zinazotoka kwenye chanya lazima ziwe na fyuzi, ndani ya sentimita 30 za kwanza kutoka kwenye betri. Fyuzi hulinda waya, basi ichaguliwe kwa kufuata waya mwembamba kuliko wote ulio mbele yake.

Mfano ni inveta ya wati 1000. Ikibeba mzigo wake wote huvuta karibu ampea 98 kutoka volti 12. Ikiwa iko mita 2 kutoka betri, njia ni mita 4. Ukikubali kupoteza volti 0.36, hesabu inatoa 19, hivyo waya wa 25 na fyuzi ya ampea 125. Tafadhali usirukie fyuzi kwa kipande cha waya. Betri ya N70 ikipigwa shoti huyeyusha ganda kwa sekunde chache, na moto wa chini ya zulia hauonekani hadi umeshika kiti.

Betri ya gari langu iko nyuma. Kuna tofauti?

Kubwa. Urefu ukifika mita 5.5 na stata ikivuta ampea 180, kupoteza volti 0.3 kunadai karibu 58, kwa hiyo 70. Lakini Prius na Aqua haziko kwenye hesabu hii: betri yao ndogo ya volti 12 haizungushi injini, inaamsha mifumo tu. Rudisha saizi ileile iliyokuwepo, na usiguse kabisa nyaya za rangi ya chungwa. Hizo ni za volti za juu zinazoua.

Na lori la volti 24?

Kwa nguvu ileile, volti 24 huhitaji nusu ya ampea. Ila stata za malori ni kubwa na njia ni ndefu, kwa hiyo 70 hadi 95 ni kawaida. Waya mfupi unaounganisha betri mbili uwe na unene uleule wa nyaya kuu, maana umeme wote unapita hapo. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli za soko la Japani zina stata ya volti 24 huku taa zikiwa za 12. Soma kibati cha stata kabla ya kugusa.

Nyaya za kujampia gari ziwe za saizi gani?

Seti nyingi za bei rahisi zina mm² 10 au pungufu. Zikiwa na urefu wa mita 3, kwenda na kurudi ni 6; kwa ampea 200 unapoteza volti 2.1, na gari halitapiga. Za 25 hupoteza 0.84. Kwa dizeli tafuta 35. Ukiwa nazo nyembamba, unganisha, acha gari zima lingurume dakika kumi lichaji betri iliyolala, kisha ndipo upige.

Naishi pwani. Chumvi inaharibu nyaya haraka, nifanye nini?

Nunua waya na lagi zilizopakwa bati, na usiache kiungo bila neli yenye gundi. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar kutu ya kijani hupenya chini ya ganda na kula shaba bila kuonekana. Bonyeza waya karibu na lagi: ukisikia unachakarika kama mchanga, au ganda limevimba, umeshaoza. Kata hadi ufikie shaba nyekundu inayong'aa, au badilisha wote.

Unga mweupe kwenye nguzo uondoe kwa kijiko kikubwa cha soda ya kuokea katika kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mimina juu ya temino, sugua kwa brashi, suuza, kausha. Vifuniko vya betri viwe vimefungwa, soda isiingie ndani.

Utaratibu wa kubadilisha nyaya ni upi?

Zima kila kitu, subiri dakika chache, vua pete na saa ya chuma. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya wakati hasi bado imefungwa, ni shoti ya moja kwa moja. Piga picha jinsi kila waya ulivyofungwa, hasa nyaya ndogo zilizo kwenye temino ya chanya. Kwenye Toyota nyingi fyuzi kuu hukaa hapo, na lazima zirudi zilivyokuwa.

Pima urefu kwa kamba ukifuata njia ya zamani, ongeza sentimita 5 hadi 10 kwa ajili ya mtikisiko wa injini. Usitegemee rangi: magari mengi ya zamani yana nyaya zote nyeusi. Fuata waya kwa mkono hadi mwisho wake, kisha vika chanya mpya ganda jekundu.

Kurudisha: upande wa stata kwanza, kisha ethi ya injini na ya bodi, kisha chanya ya betri, na hasi ya betri mwisho kabisa. Piga stata na urudie vipimo vya 2 na 3 vya mwanzo, viandike. Baada ya kutembea wiki moja, kaza temino na lagi tena, kwa sababu shaba na risasi hulala kidogo baada ya kubanwa. Gari lenye kompyuta linaweza kuunguruma bila utulivu kwa muda, na madirisha ya kujiendesha yakahitaji kufundishwa upya. Hilo linatokana na kuondolewa betri, si na waya wako.